Siku 84 na Bakuli la Uji

Siku ya 85 ilikuwa Jumatatu. Mke wangu, ambaye ni mtumishi wa umma, aliondoka nyumbani kwetu Kimara saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi kazini katikati ya jiji. Mtoto wetu wa tatu alikuwa na umri wa wiki 12. Ndani ya friji kulikuwa na vikombe viwili vya maziwa aliyoyakamua usiku, na juu ya meza daftari la shule lenye maelekezo kwa dada anayetusaidia kazi za nyumbani: ampe saa ngapi, ampe kiasi gani, ayapashe moto vipi, atumie kikombe na kijiko wala asinunue chupa. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeandika huku amesimama.

Kliniki ilikuwa imemwambia, kama inavyowaambia kina mama wote nchini, kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, ndipo aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imempa likizo ya siku 84. Miezi 6 ni takriban siku 180. Zinabaki siku 96, na ningependa tuzizungumze leo, kwa kuwa zina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Nawaomba radhi wasomaji waliozoea kukuta hapa mijadala ya katiba na deni la taifa. Najua wapo watakaosema uji wa mtoto ni mambo ya jikoni na si siasa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa miaka 15 ya kufundisha historia. Si mtaalamu wa lishe, na mwenye mtoto mgonjwa aende kliniki, asije kwangu. Lakini nimesoma nyaraka za kutosha kuona kwamba kwa miaka karibu 90 mataifa yamekuwa yakimfundisha mama namna ya kupima maziwa na chakula kana kwamba tatizo lake ni ujinga. Nyaraka hizo hizo, zikisomwa kwa utulivu, zinaonyesha kwamba alichokosa mara nyingi ni saa za kuwa karibu na mtoto wake, na kwamba saa hizo zilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Tuanzie Accra. Mwaka 1929 Uingereza ilimpeleka katika koloni lake la Gold Coast, yaani Ghana ya leo, daktari mwanamke aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams. Alikuta watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 4 wenye miguu iliyovimba, nywele zilizopauka, ngozi inayobanduka kama rangi kuukuu ya ukuta, na nyuso zisizocheka. Wengi walikufa. Kulikuwa na wakubwa katika tiba ya nchi za joto waliosisitiza kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa pelagra uliokwisha kujulikana, wala hakukuwa na jipya la kuandika. Williams alifanya jambo ambalo madaktari wa kikoloni hawakulizoea. Aliwauliza wanawake wenyewe wanauitaje. Wakamtajia neno la lugha yao ya Ga, kwashiorkor, ambalo yeye alilieleza kuwa ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalipeleka jina lenyewe katika jarida la The Lancet la London.

Sisi leo tunauita unyafuzi. Ningependa hata hivyo tulitafakari kidogo lile neno la Ga, kwa kuwa ni uchambuzi kamili wa kijamii uliofupishwa katika neno moja. Halisemi mtoto amekosa protini. Linasema mtoto ameondolewa mahali pake. Jana alikuwa kifuani, leo mgongo una mwingine, na bakuli lililowekwa mbele yake ni la uji wa mahindi ambao hauwezi kujaza nafasi ya alichoondolewa. Williams mwenyewe aliligundua hilo: watoto aliowatibu walikuwa wamehamishwa kutoka maziwa kwenda mahindi matupu, bila daraja.

Nasi tuna maneno yetu. Wazee wa Kiswahili walikuwa na kitenzi kulikiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa, na jambo hilo lilikuwa na wakati wake. Kwa Waislamu wa pwani, Sura ya Al-Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha na inataka wazazi wawili washauriane kabla ya kumwachisha mtoto mapema. Nalitaja hili kwa sababu ya huko kushauriana, ambako wanaume wengi tumekusahau. Tena katika sehemu nyingi za Tanzania lipo neno kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofika, akachelewa kutembea, husemwa kwamba wazazi wamembemenda, maana yake wamerudiana kitandani mapema mno au wametoka nje ya ndoa. Madaktari hulicheka neno hili, na wanaharakati wa haki za wanawake hulichukia, kwa haki kabisa, kwa sababu lawama humwangukia mama kwanza. Hata hivyo mwanahistoria hawezi kulitupa. Kama lile la Ga, linatafuta chanzo cha udhaifu wa mtoto katika mpangilio wa uzazi na katika mwenendo wa watu wazima. Lilikuwa, kwa njia yake kali, sheria ya kulinda muda wa mtoto wa kunyonya.

Wataalamu walilichukua neno la Ga wakaliacha lile wazo. Kufikia miaka ya 1950, baada ya uchunguzi wa FAO na WHO uliopita katika nchi nyingi za Afrika na kuchapishwa mwaka 1952, kwashiorkor ilikuwa imefasiriwa kuwa upungufu wa protini, basi. Tafsiri hiyo iliwafaa watu wengi. Marekani na Ulaya zilikuwa na ziada kubwa ya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, na UNICEF ikayasambaza dunia nzima. Watoto walipona hospitalini, hilo halina ubishi. Lakini ukimtibu mtoto kwa maziwa ya unga mbele ya macho ya mama yake, unamfundisha nini mama huyo? Pale Mulago, Kampala, mojawapo ya vituo vikubwa duniani vya utafiti wa unyafuzi, madaktari walikuja kutambua kwamba tiba yao ilikuwa ikiwasadikisha kina mama kuwa dawa ni maziwa ya dukani na chombo chake ni chupa. Ndipo mwaka 1965 kikaanzishwa pale kitengo cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya, ambako mama alikaa na mwanawe na kumpikia mwenyewe kitobero: mchanganyiko wa ndizi au viazi, maharage au karanga, na mboga, kutoka shamba kama lake. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika The Lancet kwamba hadithi nzima ya pengo la protini ilikuwa aibu ya kisayansi. Watoto wengi walikuwa na njaa tu. Walikosa chakula cha kutosha, cha aina yoyote.

Habari za makampuni zimeandikwa sana, nami sitazirefusha. Williams, akiwa amehamishiwa Malaya, aliwahutubia wanachama wa Rotary mjini Singapore mwaka 1939, akalaani biashara ya maziwa matamu ya kopo yaliyonadiwa kwa kina mama na wasichana waliovishwa kama wauguzi, na vifo vilivyotokana nayo akaviita mauaji. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichoiita biashara hiyo kwa jina la muuaji wa watoto. Wanaharakati wa mjini Bern walipokitafsiri kwa Kijerumani na kuitaja Nestlé katika kichwa cha habari, kampuni iliwashtaki kwa kashfa. Mwaka 1976 ilishinda kesi, washtakiwa wakatozwa faranga 300 kila mmoja, na jaji akaiambia kampuni iliyoshinda ibadili namna yake ya kutangaza bidhaa. Sijui ushindi mwingine wa aina hiyo uliomgharimu mshindi kiasi kile. Mwaka uliofuata mgomo wa kutonunua bidhaa zake ulianzia Marekani, na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama kwa kura 118 dhidi ya 1. Kura hiyo 1 ilikuwa ya Marekani ya Ronald Reagan. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Mchezo haukuisha, ulihama tu kutoka maziwa kwenda uji: Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na mtandao wa IBFAN walionyesha kwamba nafaka za watoto za kampuni ile ile zilikuwa na sukari ya kuongezwa katika masoko ya Afrika na Asia, wakati zinazouzwa Uswisi hazikuwa nayo.

Wanafunzi wangu huipenda sana sehemu hii ya hadithi kwa kuwa ina adui anayeonekana. Mimi naomba turudi jikoni, ambako adui ni mgumu kumwona.

Uji ni kitu cha kudanganya. Unga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, kiasi kwamba unga kidogo hutosha kuufanya uji uonekane mzito. Ili mtoto wa miezi 6 aweze kuumeza, mama huuongezea maji. Uji mwepesi wenye gramu 5 za unga katika mililita 100 humpa mtoto kilokalori zisizofika 20. Maziwa ya mama ya ujazo huo huo humpa kati ya 65 na 70. Maana yake kila kijiko cha uji wa namna hiyo kinachoingia tumboni kinachukua nafasi ya kitu bora kuliko chenyewe. Tumbo la mtoto mchanga lina nafasi ya takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 7 hajazi hata robo lita kwa mlo. WHO hukadiria kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kutoka kwenye chakula kilokalori 200 tu kwa siku, wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300, na wa mwaka wa pili 550. Ukitaka kuzipata hizo 200 kwa uji mwepesi, mtoto anywe lita nzima. Hawezi. Akijaribu, hatanyonya, na asiponyonya maziwa ya mama yake hupungua, kwa sababu ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa.

Mizani yenyewe basi ndiyo hiyo. Kwa miezi ya mwanzo ya kula, maziwa ndiyo mlo na chakula ni nyongeza. Mpaka mwaka wa kwanza ukiisha bado maziwa hutoa nusu ya nguvu au zaidi, na katika mwaka wa pili bado theluthi. Chakula kinapaswa kiwe kizito, kichanganyike, kitolewe mara 2 au 3 kwa siku, kisha mara 3 au 4. Zisome tena hesabu hizo ukiwa umevaa viatu vya mama mkulima. Mara 4 za chakula na kunyonya kila mtoto atakapo, kwa mtu anayetoka nyumbani kabla ya jua na kurudi na kuni kichwani.

Watafiti wa Uingereza waliokuwa wakifanya kazi katika kijiji cha Keneba, Gambia, walichapisha mwaka 1978 walichokiona katika vyungu vya uji. Mama alipika asubuhi, akaenda kwenye mpunga, uji ukakaa saa kadhaa ukisubiri mtoto alishwe kidogo kidogo. Kadiri saa zilivyopita ndivyo vijidudu vilivyozaliana ndani yake, hasa majira ya mvua, ambayo ni majira ya kazi nyingi na ya kuhara kwingi. Mtoto asiyepewa chakula anadumaa; anayepewa anahara. Wataalamu wakauita huo mtanziko wa mtoto anayeachishwa ziwa. Ningeuita mtanziko wa kalenda ya kilimo.

Sasa niwapeleke Iringa, kwetu. Mama yangu alipokuja kumwona mjukuu alileta, ndani ya bahasha ya kaki, kadi yangu ya kliniki. Nilizaliwa Agosti 1982. Vijana watakumbuka zile rangi: kijani kwa uzito mzuri, kijivu kwa uzito pungufu, nyekundu kwa hatari. Nukta zangu zimepanda vizuri katika kijani kwa mwaka mmoja na nusu. Kisha zinalala. Aprili 1984, nikiwa na miezi 20, alizaliwa mdogo wangu, na nukta inayofuata imo katika kijivu. Nilikuwa nimelifundisha lile neno la Ga darasani kwa miaka bila kujua kwamba nimechorwa nalo kwa kalamu ya wino wa bluu.

Nukta hizo za mwaka 1984 hazikuwekwa zahanati. Ziliwekwa kijijini, chini ya mti, siku ya kupima uzito. Kijiji chetu kilikuwa kimoja kati ya vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa vilivyoingizwa katika mpango wa lishe ulioanza Desemba 1983, ukiendeshwa na Serikali pamoja na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia. Watoto wa chini ya miaka 5 wapatao 46,000 walipimwa kila baada ya miezi 3. Kilichoufanya mpango huo usomwe hadi leo katika vyuo vya dunia ni kwamba majibu ya mizani hayakupelekwa Dar es Salaam yakafie kwenye kabati. Yalijadiliwa na serikali ya kijiji yenyewe: wangapi wako katika nyekundu, kwa nini, na sisi tufanye nini kwa tulicho nacho. Mfumo wa kufikiri ambao UNICEF iliutangaza kwa dunia mwaka 1990, unaofuata utapiamlo kutoka sahani ya mtoto hadi malezi, hadi uchumi na siasa, ulikuzwa kwa kiasi kikubwa katika vijiji vile.

Mama anasimulia kwamba mwenyekiti alisoma majina ya watoto wa nyekundu mbele ya mkutano, na kwamba aibu ile hakuipenda wala haipendi hadi leo. Ila anakumbuka pia kwamba wanaume walipouliza kwa nini watoto wanalishwa mara 2 tu kwa siku wakati chakula kipo, mwanamke mmoja mtu mzima aliwajibu kwa swali: je, kuna saa gani nyingine mnayotuona tukiwa nyumbani? Kikao kikanyamaza. Iringa haikuwa mkoa wa njaa, mahindi yalikuwepo. Katika vijiji vingi vya mpango zikaanzishwa sehemu za kuwakusanya na kuwalisha watoto mchana, na mzigo wa kazi wa mwanamke ukawa ajenda ya kijiji, jambo ambalo sijaliona katika kumbukumbu za vikao vyetu vya leo.

Pamoja na hayo lilirudishwa jambo la zamani, kimea. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, pamoja na wenzao wa Sweden, walikuwa wamepima kwa vipimo vya kisasa kile ambacho kila mpika togwa alikijua kwa mkono wake. Nafaka ikilowekwa, ikachipua, ikakaushwa na kusagwa, unga wake huwa na uwezo wa kuvunja wanga. Pika uji mzito ambao mwiko unasimama, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga, na mbele ya macho yako utalegea uwe wa kunyweka bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena, kwa usalama. Mtoto anapata katika kikombe kimoja kile ambacho angehitaji vikombe vitatu au vinne vya uji mwepesi kukipata, na ziwa linabaki na nafasi yake. (Kimea cha ulezi ni rahisi zaidi, cha mtama lazima kiondolewe vichipukizi na mizizi, maana huwa na sumu. Na kwa kuwa nimeshaingia jikoni, niseme na hili: huu mtindo wa mjini wa kusaga nafaka na karanga aina tisa pamoja na kuuita unga wa lishe sijui umetoka wapi. Mahindi na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mchanganyiko ukishasagwa huwezi tena kuona ukungu uko wapi.)

Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali katika vijiji vile 168 ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8, na uzito pungufu kwa jumla kutoka karibu asilimia 56 hadi 38. Ni miaka 5, katika nchi iliyokuwa katikati ya uhaba mkubwa kuliko wote niliopata kuuishi.

Sasa takwimu nyingine. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2010 ulikuta watoto 42 kati ya kila 100 wa Tanzania wakiwa wamedumaa. Wa 2015-16 ukakuta 34, na wa 2022 ukakuta 30. Tumesogea, na sifa inastahili kutolewa. Lakini katika utafiti huo wa 2022 mkoa ulioongoza kwa udumavu nchini ulikuwa Iringa, kwa takriban asilimia 57. Lazima niwe mwangalifu hapa: mpango wa miaka ya 1980 ulipima uzito kwa umri, utafiti wa leo unapima urefu kwa umri, na mkoa wenyewe umemegwa, Njombe ikawa mkoa wake. Namba hizo hazilinganishwi moja kwa moja. Bado zinaniumiza. Fedha za Italia zilikwisha, masharti ya shirika la fedha yakabana bajeti za huduma, na kile kikao cha chini ya mti kikageuka fomu ya kujazwa na kupelekwa wilayani. Kila ninapokwenda nyumbani naona mabango kuhusu makundi ya chakula, mazuri, yenye rangi. Bango linazungumza na mama. Halizungumzi na mwenye shamba la chai wala na mume.

Turudi mjini kwenye zile siku 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku hizo ndani ya mzunguko wa miezi 36, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akianza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, zinazobaki kwa mtoto ni 56. Marekebisho ya mwaka 2025 yamewaongezea muda mama wa watoto njiti, nami nayapongeza. Siku 84 ni wiki 12, na wiki 12 ndizo zilizowekwa na mkataba wa uzazi wa Shirika la Kazi Duniani uliopitishwa Washington mwaka 1919, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa Wajerumani. Mkataba wa shirika hilo hilo wa mwaka 2000 ulipandisha kiwango hadi wiki 14. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukasogeza ushauri wa maziwa pekee, kutoka miezi 4 hadi 6 uliokuwa ukitumika, hadi miezi 6 kamili. Sayansi ikasogea mbele, nasi tukaipeleka haraka kwenye kuta za kliniki. Wiki zetu za likizo zimebaki zile zile za 1919.

Sheria inatoa pia saa zisizozidi 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua saa 2 ni nini katika jiji hili: ni kwenda, au ni kurudi. Katika ofisi ambayo sitaitaja, mke wangu alikamua maziwa chooni kwa wiki 5, kisha akaona haya, kisha maziwa yakapungua. Mtoto wetu alianza uji akiwa na miezi 4 na nusu. Niliyejua habari za Keneba na za Mulago nilikuwa nyumbani siku hiyo, nikisahihisha mitihani.

Ni mama yangu aliyeinusuru hali. Alikaa kwetu miezi 2. Uji ulisitishwa, akamtaka mke wangu amnyonyeshe mtoto alfajiri kabla ya kuvaa viatu, jioni kabla ya kuvua, na usiku kila atakapo, na maziwa yakarudi, si yote, lakini yakarudi. Mtoto alipotimiza miezi 6 mama alianika ulezi uliochipua juu ya ungo barazani na kumfundisha dada wa kazi. Nilisimama mlangoni nikatazama uji ukilegea. Nimesoma makala nyingi kuhusu jambo hilo na sikuwahi kuliona kwa macho.

Dada yule ana miaka 22. Anatoka Iringa, kama wengi wa wanaotulelea watoto katika jiji hili. Alitazama kwa makini, akauliza kama kimea kinaweza kufanywa kwa mahindi, mama akamwambia kinaweza lakini ulezi ni bora. Akauliza kinakaa muda gani bila kuharibika. Ndipo mama alipomuuliza kama ana mtoto, nami nikatambua kwamba katika miezi 7 aliyokaa kwetu sikuwahi kumuuliza. Anaye wa kike, wa miezi 11, yuko kijijini kwa bibi yake. Aliachishwa ziwa akiwa na miezi 4, siku dada alipopanda basi kuja kwetu.

Mama akauliza mtoto anakula nini. Dada akasema uji wa mahindi, mwepesi, mara mbili kwa siku, kwa sababu bibi anashinda shambani.